Fomu ya Kuacha Hesabu

“Gwe Mama Lusungu, kwani huyo mwalimu kamfanya nini mtoto wako?”

Prisca, jirani yake, aliuliza hivyo Jumapili walipotoka ibadani, na swali likamkaa Angetile kooni kama mwiba wa samaki mbasa. Leo Alhamisi, lilikuwa halijashuka.

Kesho saa sita mchana fomu za kubadili tahasusi zinafungwa. Ya Lusungu ilikuwa imejazwa yote: atolewe PCM yenye hesabu, apelekwe HGL, akasome historia, jiografia na lugha. Ulibaki mstari mmoja tu, saini ya mzazi. Na mzazi aliyebaki alikuwa Angetile peke yake.

“Historia,” alisema asubuhi hiyo kabla binti hajaenda shule, akigeuza kokoa kwenye mkeka kwa nguvu kuliko kokoa ilivyostahili. “Umepata A ya hesabu kidato cha nne, Makwale nzima wakaja kukutazama kama bibi harusi. Leo unataka historia. Historia ya nani?”

“Saini tu, mama.”

“Si ulisema utajenga madaraja? Daraja la historia linavusha nani?”

Lusungu aliinama kuokota punje zilizodondoka. Miaka kumi na tisa, kimo kimempita mama yake, na bado akibanwa anatafuta cha kuokota.

Angetile aliishia darasa la saba, lakini tiki aliijua. Alifuta mikono, akalifungua daftari la hesabu mbele ya mwanawe. Tiki nyekundu, ukurasa kwa ukurasa.

“Hizi za nani?”

“Zangu.”

“Kwa hiyo unaziweza.”

“Naziweza.”

“Basi shida ni mwalimu. Anaitwa nani?”

“Ni wa hesabu.”

“Nimeuliza jina, sijauliza somo.”

Lusungu aliokota punje nyingine.

“Amekushika? Amekuambia neno baya?”

“Hapana, mama!” Lusungu aliinua uso kwa mara ya kwanza. “Ni mtu mzuri. Hana kosa lolote.”

“Mtu mzuri, halafu jina lake halitamkiki! Ee Bwana, niongezee subira, maana hii niliyokuwa nayo imeisha tangu Jumatatu.”

Saa nane mchana Angetile alikuwa shuleni, fomu mkononi, ofisini kwa Madamu Jubilate, mkuu wa shule. Madamu alikuwa mtu wa Moshi, mwaka wake wa pili huku Kyela, na hakupenda kuzunguka.

“Mama, hata sisi tumechoka. Miaka mitatu shule hii inaomba mwalimu wa hesabu za kidato cha tano. Lusungu alikuwa anajisomea mwenyewe, jioni anawaelekeza wenzake. Agosti tukamshukuru Mungu, mwalimu kaja. Tangu siku ile binti yako anamkimbia.”

“Mwiteni huyo mwalimu,” Angetile alisema. “Nimwone.”

Alikuwa amekuja na maneno aliyoyanoa njia nzima. Lakini aliyeingia alikuwa mzee mpole wa Iringa, Mwalimu Wilson, chaki imemjaa mikononi, akamwamkia kwa kuinama. Angetile alimtazama macho, akamtazama mikono, kama alivyozoea kuwatazama watu kabla hajawaamini. Hakuona ubaya. Hilo likamuudhi zaidi, afadhali angeuona.

“Mama, mimi ndiye wa kuuliza nimekosa nini,” mwalimu alisema. “Nikiingia mlango wa mbele, anatoka wa nyuma. Anasimama nje dirishani, juani, anasikiliza. Nakiona kivuli chake kinaandika. Kazi zake anamtuma mwenzake, Diana, ndiye aniletee. Siku moja nilimpa kitabu mkononi, akakiacha kikadondoka, akangoja niondoke ndipo akakiokota. Nimefundisha miaka thelathini na moja. Wanaochukia hesabu nawajua. Huyu anazipenda. Anayemchukia ni mimi.”

“Ni utovu wa nidhamu, hakuna jina lingine,” Madamu alisema. “Aitwe hapa, aseme mbele ya mama yake.”

Lusungu alikuja mbio; hakuwa ameambiwa ni nani yumo ndani. Alipofika mlangoni akaviona viatu vya mwalimu. Macho hayakupanda zaidi ya viatu. Alivuta sweta likamfunika uso, akapiga magoti palepale kizingitini, kisha akarudi kinyumenyume, ameinama, mpaka ukuta ukamficha.

“Mmeona!” Madamu alipiga meza. “Heshima gani hiyo?”

Angetile alikuwa bado anakitazama kizingiti. Hivyo hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyompisha baba mkwe wake kwa mila ya huku, njiani na uani, miaka kumi na minane, mpaka mzee akazikwa bila yeye kumtazama usoni wala kumtaja jina hata siku moja.

“Mwalimu,” alisema. “Una kijana wa kiume?”

“Ninaye mmoja, Ezekia.” Mzee alitabasamu, akasahau kidogo yaliyomleta. “Ndiye aliyenisukuma niukubali uhamisho huu. Mwaka jana alifanya fildi ya chuo Matema, na tangu hapo wimbo wake ni Kyela, Kyela. Sijui huku aliona nini.”

Angetile alichukua kalamu ya Madamu mezani, akaandika jina lake kwenye mstari wa mzazi, akatoka.