Katekisimu ya Kinyozi

Kinyozi alikuwa ameshika katekisimu mbili, moja nene na moja nyembamba ya maswali na majibu, mama mkwe wake alipoingia katika duka la vitabu la parokia kununua mishumaa.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu amwoe binti yake, mama huyu alimsalimia kwa adabu tu, na habari za dini hawakuzigusa, kwa kuwa yeye hakuwa amebatizwa. Nywele za mteja wa asubuhi zilikuwa bado zimemganda vidoleni.

"Unamtafutia nani?" mama aliuliza.

Angeweza kusema ametumwa na mteja.

"Ni yangu, mama. Nataka kujifunza. Nachukua hii nene, nisionekane mtoto."

Mama akaipokea ile nene kwa mikono miwili, akairudisha rafuni.

"Hii ilinishinda hata mimi, na nilibatizwa nikiwa mchanga!" Alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Anayesimama alianza kwa kutambaa, mwanangu."

Mwanangu. Hakuwa amewahi kumwita hivyo.

Mama alivuta benchi, akaketi, akamwachia nafasi kando yake.

"Swali la kwanza," alisema. "Soma, nikusikie."