Kikohozi Chini ya Leso

Siku hiyo mjinga alikuwa Muoki, na mpaka leo hakatai. Alienda kuiba mtihani, akafeli akiwa na jibu mfukoni.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Kwa kina Jecinta, mchumba wake, pale Kariobangi, bwana arusi akileta mbuzi wa mahari huwekewa safu ya wanawake waliochutama, wamefunikwa leso gubigubi, hata kidole cha mguu hakionekani. Amtambue wake. Akikosea anatozwa faini na kuchekwa mpaka wajukuu wake wasimuliwe.

Kwa Muoki kulikuwa na zaidi ya faini. Shangazi yake Mbeti ndiye aliyemlea, na bila neno lake mbuzi wasingeteremka kwenye pikapu. Na Mbeti hakumtaka Jecinta.

"Huyo msichana ana sauti ya dereva wa lori," alimwambia asubuhi hiyo, akinong'ona. Siku hizi Mbeti alinong'ona tu, na kanisani walisifu: mwenyekiti wa kina mama ameingiwa na unyenyekevu. "Huyo ana pumu."

"Ni homa, anti."

"Homa ya miezi minne? Muoki, ukoo wetu hatujui kifua. Hakuna mtu wetu amewahi kuomba pumzi kwa mkebe."

Shangazi alikuwa amegonga penyewe. Jecinta alishona mikoba ya ngozi sokoni Kariokor, na gundi ilikuwa imemkaba kifua. Daktari akampa kipampu cha kahawia cha dawa ya pumu, avute asubuhi na jioni. Kifua kikafunguka, sauti ikafunga. Msichana aliyekuwa akiongoza nyimbo kwaya nzima ikimfuata, sasa alikwaruza kama bati linaloburutwa kwenye lami.

"Sikia," Mbeti alinong'ona. "Ukimtambua mara ya kwanza, nitajua Mungu amesema, nitanyamaza. Ukikosea, nasimama mbele ya wazee, nawaambia huyu ni mgonjwa, na mbuzi wanarudi Machakos."

"Sawa, anti."

Alikubali upesi mno kwa mtu mwaminifu. Yeye na Jecinta walishapanga: akifika mbele yake, msichana akohoe kidogo. Kwa koo lile, hata kiziwi asingekosea.

Saa nane ua ulikuwa umejaa. Mbeti alisema anaenda jikoni kuona kama wakwe hawa wanajua chumvi, na Muoki akashukuru kimoyomoyo. Angalau macho yale hayangemchoma mgongoni.

Wanawake sita wakaletwa. Leso zilikuwa zimetolewa kwenye sanduku la zamani, zikinuka vidonge vya kufukuza nondo mpaka wageni wa mbele wakapiga chafya.

"Haya, kijana wa Machakos," alisema mzee Githinji, baba wa Jecinta. "Chagua. Lakini ukimbeba nyanya yake, hatumpokei tena. Anakula sana."

Watu wakacheka. Muoki akatembea polepole, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu akakohoa.

Kikohozi kikavu, cha kukwaruza, kilichokatika katikati. Muoki nusura aruke kwa furaha.

"Maliza safu kwanza, buda," binamu yake Kyule alimwambia.

"Ya nini? Mtu na wake."

Akapiga magoti kwa maringo, akalamba midomo, akasema kwa sauti ya asali ili ua mzima usikie, "Amka, mpenzi wangu, twende nyumbani." Akavuta leso.

Shangazi Mbeti akamtazama, macho yamejaa machozi ya zile dawa za nondo.

Wanawake wa pale walikuwa wamepungukiwa na mtu mmoja, na Mbeti alikuwa amejitolea kwa moyo mkunjufu. Vigelegele vikapaa. Mzee Githinji alicheka mpaka akashikiliwa. Kyule akaangalia pikapu, akihesabu mbuzi wa kupakia upya.

Mbeti hakucheka. Aliinuka, akajikung'uta, akanyoosha kidole.

"Amekosea!" Unyenyekevu ulikuwa umekwisha, lakini sauti ilitoka vipande vipande. "Wazee, nisikilizeni! Msichana huyu amewaficha jambo. Huyu ni mtu wa kifua, na sisi kwetu hatuna..."

Kikohozi kikamkata. Akainama, akajishika magoti, na kitu kidogo kikadondoka kutoka kwenye nguo zake, kikabingirika vumbini.

Mwisho wa safu leso moja ikajifunua yenyewe. Jecinta akaja, akaokota kile kitu cha kahawia, akakipangusa kwa upindo wa leso, akampa Mbeti kwa mikono miwili, kama anavyopewa mama mkwe.

"Chukua kipampu chako, anti," alisema kwa lile koo lake la kukwaruza. "Na kila ukishavuta, sukutua maji uteme, mimi daktari ameniambia juzi tu. Hii sauti ndiyo inatuanika."