Nyuma ya Kabureta ya Tatu

Kabureta tatu zilikuwa zimepangwa mstari juu ya injini. Loretta alipoingiza vidole nyuma ya ile ya mwisho, aligusa waya mwembamba. Mtu aliufunga makusudi, ili kabureta ikishafunguka isijifunge tena, na gari lizidi kukimbia hata dereva akiondoa mguu kwenye mafuta.

Kaka yake alikufa ndani ya gari hili. Aligonga nguzo ya daraja la mto Maumee, na mji mzima wa Toledo ukasema alikuwa amelewa.

Loretta aliukata waya kwa koleo, akaufumbata kiganjani. Ulikuwa na kutu, na ncha yake ilimchoma.

Mumewe aliingia gerejini na vikombe viwili vya kahawa.

"Mke wangu, wewe na ubishi! Si nilikwambia hizo kabureta uniachie mimi?"

"Nazisafisha tu. Kaka angefurahi kuliona gari lake barabarani tena."

"Umefika hadi ya nyuma?"

"Bado. Hata sijaigusa."

Mume akacheka, akaweka vikombe juu ya benchi. "Basi mpishe fundi. Nenda ndani ukaote moto."

Loretta hakuondoka. Mumewe aliinama na, bila hata kuangalia, akapeleka kidole nyuma ya kabureta ya tatu, pale pale. Kidole kikapapasa. Kikarudi, kikapapasa tena, polepole.

Kisha kikatulia.

"Loretta," alisema kwa upole, bado ameinama. "Hebu funga huo mlango."