Joto la Watu Wawili

Kule Kitulo, ambako baridi haina adabu, mtu hakuruhusiwa kuishi peke yake ndani ya gari-nyumba. Thamostati, kifaa cha ukutani cha kupima joto, ndiyo iliyohesabu watu kwa joto la miili yao. Ikikuta mwili mmoja, unahamishiwa bwenini na gari lako anapewa mwingine.

Fundi Lusajo alipofika kwa Bibi Subilaga kufunga thamostati mpya, ile ya zamani ilisoma watu watatu: yeye, bibi, na aliyelala kitandani amejifunika gubigubi.

"Babu haamki?"

"Muache, mwanangu. Amechoka."

Lakini waya ulipita nyuma ya kitanda. Lusajo akainua blanketi, akakuta chupa za maji ya moto zimevishwa koti la kiume, vifungo vyote vimefungwa.

"Alifariki wakati wa kuvuna viazi," bibi alisema. "Bwenini siendi."

Lusajo akarudisha blanketi polepole. "Hii mpya inapima na pumzi, bibi. Chupa hazipumui."

 Akang'oa mtambo wa ndani wa ile ya zamani, akaipachika ndani ya ganda jipya na kukaza skrubu. Kioo kikasoma watatu.

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Na kwako mko wangapi?"

"Wawili," alijibu, ameinamia begi lake la vifaa. "Kesho anakuja fundi mwingine kunifungia mpya. Mafundi haturuhusiwi kujifungia zetu wenyewe."

Bibi akaliweka sawa blanketi la kitandani.

"Nawe," akauliza taratibu, "unatumia chupa ngapi?"