Bata Mzinga Apiga Marufuku Kikohozi

Kikohozi kilipoingia bondeni na kuanza kuua vifaranga, Bata Mzinga, mkuu wa bonde, aliona aibu kuliko huzuni. Akavimbisha kifua mbele ya ndege wote.

"Hapa kwetu hakuna ugonjwa! Atakayekohoa ni msaliti, afukuzwe."

Mganga wao Kanga, aliyewasihi wasisongamane, akawa wa kwanza kutolewa.

Waliobaki wakajazana kila asubuhi kumshangilia Bata Mzinga, mpaka akakohoa mwenyewe katikati ya hotuba. Majogoo walinzi, wasiojua jingine ila kutii amri, wakamburuta hadi nje ya mpaka.

Huko akamkuta Kanga akiwachemshia waliofukuzwa majani ya mwarobaini.

"Unajua mimi ni nani?" Bata Mzinga akafoka, pumzi zikimkatika.

"Mgonjwa," Kanga akamjibu. "Kaa pale, usiwasogelee wenzako."