Jiwe la Mzani

Mlango wa chumba cha upasuaji ulipofungwa, Bi Azza akaanza tena kumwombea dua Ubeid.

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Kariakoo nzima, wewe tu ndiye uliyemwonea huruma paka wangu."

Ubeid akainamia ndala zake. Laiti angejua!

Juzi paka huyo, Simsim, alikuja kwenye meza ya duka lake kuiba ng'onda, samaki wakavu anaowauza. Haikuwa mara ya kwanza. Zamani ukimkemea tu, keshafika juu ya paa. Siku hiyo alijikokota polepole, kama mtu anayekudharau. Ubeid hasira zikampanda, akamvurumishia jiwe la mzani. Likampata mgongoni.

Kesho yake Bi Azza, mjane wa ghorofa ya juu, akashuka na kikapu. Simsim yumo ndani, miguu ya nyuma imelala. Hakwenda kwa muuza mchele wala kwa muuza viungo. Alikuja moja kwa moja kwa Ubeid.

Angesema nini? Alifunga duka, akaita bajaji, wakaenda Upanga kwa daktari wa mifugo. Majirani wakamsifu mpaka msikitini. Haya zikamtafuna.

Picha ilionyesha kitu kimebana uti wa mgongo. Kama ni kipande cha mfupa au kitu kingine, daktari alisema, tutajua tukishapasua. Huenda asitembee tena.

Sasa Daktari Severa alitoka, barakoa kidevuni.

"Ulikuwa uvimbe. Umeota taratibu, miezi kadhaa. Nimeutoa wote. Anaanza kuzinduka, na nilipomminya kidole cha mguu wa nyuma, aliuvuta."

"Hakuna mfupa uliovunjika?" Ubeid aliuliza.

"Hata mmoja."

Ubeid aliruka kitini. "Alhamdulillahi! Bi Azza, umesikia? Si jiwe langu!"

Lo! Maji yakishamwagika hayazoleki. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, akatamani ardhi immeze.

Bi Azza wala hakushtuka. Aliweka mtandio wake vizuri, akaokota kikapu.

"Najua si jiwe lako, mwanangu, nilikuwa dirishani ulipolirusha. Miguu yake ilianza kulegea tangu Ramadhani. Lakini hebu niambie, mtaa mzima ule, nani angefunga duka kwa ajili ya paka bila haya kumsukuma?"