Minandi Juu ya Mwamba

"Maman, usisimame. Watakimbia."

Ezéchiel alinong'ona huku mkono mmoja umeshika ukingo wa boti na mwingine ukionyesha mbele. Juu ya mwamba mdogo uliochomoza majini, minandi walikuwa wametandaza mabawa yao meusi wakiyaanika juani.

Mushagalusa, mwendesha boti, alizima mota bila kuambiwa. Majumba ya mtaa wa Ibanda yalikuwa yamebaki madogo nyuma yao, kando ya ziwa.

Siku hiyo mteja alikuwa mmoja tu, mama wa makamo aliyevaa kitenge cha kijani. Ezéchiel hakujali. Aliwahi kuleta hapa Wazungu, masista, wanafunzi wa chuo kikuu. Kwake, mtu mmoja mwenye hamu ya kuona ndege alitosha. Kilichomshangaza ni kwamba walipoondoka, mama huyo ndiye aliyemfunga yeye jaketi la kuokolea maisha, wakati kuwafunga wageni ilikuwa kazi yake.

"Ile ni minandi," alieleza. "Inaingia chini ya maji kufwata samaki, kisha..."

"Kisha inatafuta jua, sababu manyoya yake inalowa," mama akamalizia.

"Eh! Unajua ndege, Maman!"

"Kuna mutu alinifundisha."

Wakaendelea hadi mahali ambapo nchi kavu ilibaki kama mstari mwembamba. Ndege wadogo weupe walipita chini chini, wakidonoa uso wa maji. Ezéchiel akampa darubini.

"Hapa ni kidogo tu," akasema. "Kule Muanda, ku bahari, kuko ndege inaruka miaka bila kugusa udongo. Niliahidi bibi yangu siku ya ndoa yetu nitamupeleka, tupande bateau, twende kuziona."

"Na hamujaenda?"

"Bado. Kazi ni mingi. Lakini bibi yangu ananingojea. Hachoki, yule."

Mama alishusha darubini.

"Ni mutu wa namna gani, bibi yako?"

Uso wa Ezéchiel ukachangamka. Akasimulia jinsi mwalimu mmoja wa kike kutoka shule ya Bagira alivyowaleta wanafunzi wake kuona ndege, akatapika safari nzima, mpaka watoto wakamwonea huruma. Jumamosi iliyofuata akarudi peke yake.

"Nikamuuliza, mwalimu, haukuogopa kutapika tena? Akasema..."

Mama alikuwa ameshaanza kucheka kabla kisa hakijafika mwisho. Alicheka mpaka sauti ikamkatikia. Kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wa Ezéchiel, akauacha hapo.

Ezéchiel akautoa wake taratibu, asimwaibishe.

"Pardon, Maman. Miye niko mutu wa ndoa."

"Ndiyo," mama akajibu. "Ako na bahati, bibi yako."

Akageukia upande wa pili, mabega yakaanza kumtikisika. Ezéchiel alijilaumu. Hakuwa amekusudia kumuumiza, na machozi ya mwanamke yalikuwa yakimshinda tangu zamani.

"Unamulilia nani, Maman?"

"Bwana yangu."

"Pole sana. Alikufa lini?"

"Hakukufa."

"Alikuacha?"

"Hapana. Hakuniacha."

Ezéchiel akatikisa kichwa. Aliwajua wanaume wanaokwenda kuchimba dhahabu Shabunda, miaka ikapita bila habari, wake zao wakabaki si wajane wala si wake. Akamsogelea kidogo, kiasi cha heshima tu.

"Atarudia. Omba Mungu. Mwanaume hawezi kusahau nyumba yake."

Mushagalusa aliinamisha uso, akavuta kamba ya mota kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Boti ikageuza kuelekea mjini. Ezéchiel alikuwa akiwaza kurudi mapema. Mkewe hakupenda kula peke yake. Hata hivyo, boti ilipokaribia gati, alimtazama mama yule mara moja zaidi, akamwombea kimoyomoyo.

Msichana aliyevaa sare ya unesi alikuwa akiwangoja. Alishuka mpaka majini, akamshika Ezéchiel mkono na kumsaidia kuvuka ukingo wa boti, polepole, kama mtu anayebeba mayai.

"Merci, mademoiselle," Ezéchiel akamwambia, akaanza kupanda ngazi kwa haraka ya mtu anayengojwa nyumbani.

Nyuma yake akasikia msichana akimuuliza mteja wake kwa sauti ya chini:

"Maman, leo Papa amekutambua?"

Ezéchiel aligeuka amwone huyo baba anayeulizwa. Hakukuwa na mwanaume mwingine, ila Mushagalusa aliyekuwa akifunga kamba, akilia.